Goma: mtaji wako umebaki na mizunguko mingapi?

Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka 2025, AFC/M23 ilipouchukua mji wa Goma na benki zikafunga milango, kuhesabu pesa kumekuwa kazi ya kila mkaaji wa mji huu. Mwalimu anayelipwa kutoka Kinshasa anasubiri mshahara kwenye simu. Mwenye butiki pale Birere analala na mtaji wake ndani ya nyumba, sikio likiwa mlangoni. Mama wa Kituku anapita kabine tatu kabla ya kutoa dola 50, kwa sababu kila kabine ina bei yake. CADECO ilifunguliwa tena tarehe 7 mwezi wa nne mwaka huo, lakini benki za biashara, ambako watu walikuwa wameweka akiba yao, zilibaki na kufuli.

Katika hali hiyo, mashauri mawili yanasikika kila kona. La kwanza linasema: vumilia, kaa kimya, usiguse kitu, mambo yatarudi kama zamani. La pili linasema: pesa imekuwa ndogo, basi weka yote mara moja, ama upate ama ukose. Vijana wengi wamechagua la pili, na wanaliweka kwenye tiketi ya parifut. Sisi tunaona kwamba mashauri yote mawili yanaua mtaji, moja polepole, lingine kwa siku moja. Kuna mchezo ambao wachezaji wake wamelichunguza jambo hili kwa hesabu kwa miaka mingi: poka ya mashindano. Hatuwaombi wasomaji waucheze. Tunawaomba waitazame hesabu yake, kisha waone ni wapi inatufaa na ni wapi inatudanganya.

Goma si mji wa poka. Wengi wetu tumeiona kwenye filamu tu: wanaume wenye miwani nyeusi, meza ya kijani, na mwishoni mmoja anasukuma rundo lote la jetoni katikati. Filamu zinapenda dakika hiyo moja. Hazionyeshi saa nyingi zilizotangulia, na fundisho liko humo.

Mashindano ya poka yanaenda hivi. Kila mchezaji analipa ada ya kuingia na anapewa jetoni sawa na wenzake. Jetoni hizo si pesa. Huwezi kusimama katikati ya mchezo ukaenda nazo dukani. Anayepoteza zote anatoka, na zawadi zinagawiwa kwa wale wanaobaki mwishoni. Katika kila mzunguko wa meza, kila mchezaji analazimika kutoa kitu mara mbili kabla hata ya kuona karata zake: dau dogo la lazima, na dau kubwa la lazima. Hata ukikaa mikono kifuani bila kucheza, unatoa. Na kila baada ya muda uliopangwa, tuseme dakika 20, madau hayo yanapanda.

Chukua mchezaji aliyeanza na jetoni 10,000, madau ya lazima yakiwa 50 na 100. Mzunguko mmoja unamgharimu 150, kwa hiyo anaweza kukaa mizunguko 66 bila kushinda chochote. Huyo hana haraka. Saa tatu baadaye bado ana 10,000 zilezile, kwa kuwa alichoshinda kidogo kidogo kimerudisha alichotoa. Anajiona hajapoteza kitu. Lakini madau sasa yamefika 500 na 1,000, na mzunguko unamgharimu 1,500. Amebaki na mizunguko 6 na kidogo. Rundo mbele ya macho yake halijapungua hata jetoni moja, na yeye amekuwa maskini.

Paul Magriel, Mmarekani aliyefundisha hesabu kabla ya kuingia kwenye michezo, ndiye aliyependekeza kugawanya rundo kwa gharama ya mzunguko. Dan Harrington, aliyeshinda mashindano makuu ya dunia ya poka huko Las Vegas mwaka 1995, alieneza njia hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 2005, akaipa rangi kama taa za barabarani. Mizunguko 20 na zaidi ni kijani: unaweza kusubiri, kujaribu, kurudi nyuma. Kati ya 10 na 20 ni manjano: majaribio madogo madogo yanaanza kuwa ghali. Chini ya 10 ni rangi ya chungwa. Kuanzia 5 kushuka ni nyekundu, na hapo umebaki na mambo mawili tu, kusukuma yote au kutupa karata. Chini ya mzunguko 1, aliita eneo la wafu.

Ukishuka kutoka rangi moja kwenda nyingine, jetoni zinapungua, lakini uchaguzi ulio nao unapungua haraka zaidi.

Kituku

Sasa tuipeleke hesabu hiyo sokoni. Chukua, kwa mfano tu, mama anayeuza sambaza na maharagi kando ya ziwa, mwenye mtaji wa dola 200. Dau lake la lazima ni lipi? Ni kile kinachotoka hata siku ambayo hakuuza: chakula cha nyumbani, sehemu ya kodi ya nyumba, maji, ushuru wa soko, pesa ya motari, na pesa ya shule ikigawanywa kwa siku. Tuseme jumla ni dola 8. Gawanya 200 kwa 8, unapata 25. Siku 25 ndizo alizo nazo ikiwa mauzo yatasimama, kwa mfano boti zisipofika kutoka Idjwi au barabara ya Minova ikifungwa. Kwetu hilo si jambo la kufikirika.

Miezi michache baadaye mtaji wake bado ni dola 200. Hajaibiwa, hajakopesha. Lakini unga umepanda, kabine inakata zaidi, mwenye nyumba ameongeza, na siku moja sasa inakula dola 12. Ana siku 16. Ukimuuliza atakujibu kwamba biashara iko sawa, kwa sababu anahesabu alicho nacho mkononi, kama sisi sote tunavyofanya. Hajahesabu ni siku ngapi kitaweza kumbeba.

Tukae kidogo kwenye hayo madau ya Goma, kwa sababu yana tabia ya kujificha. Ukinunua unga, bei unaiona. Ukitoa pesa kwenye simu, kinachokatwa kinaonekana kidogo. Tuseme kabine inachukua dola 3 kwa kila 100. Mfanyabiashara anayezungusha dola 200 zake mara nne kwa mwezi kupitia simu, ametoa dola 24 kwa mwezi kwa kazi ya kugusa pesa yake mwenyewe tu. Kwa yule mama wa dola 8 kwa siku, hizo ni siku tatu za maisha. Kuna noti za franga zilizochakaa ambazo muuzaji wa jumla anazikataa lakini mteja wa rejareja hana nyingine, na wewe uliye katikati ndiwe unayebaki nazo au unazibadilisha kwa hasara. Kuna dola yenye mpasuko mdogo pembeni ambayo kambisti anaishusha thamani kwa kuitazama tu. Kuna tofauti kati ya bei ya kununua dola na ya kuiuza, na kila anayepokea franga na kulipa kwa dola anaipita tofauti hiyo kila siku. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoitwa kodi. Vyote vinakula kama kodi.

Kwa hiyo shauri la "vumilia" lina kosa moja kubwa: linafikiri kwamba anayekaa bila kufanya kitu hatoi kitu. Kwenye meza ya poka mchezaji mpya ndiye anayefikiri hivyo. Anasubiri karata nzuri, anasubiri, anasubiri, na zinapokuja ana rundo dogo kiasi kwamba hata akishinda hafiki mbali. Ukiwa na jetoni za mizunguko miwili na ukazizidisha mara mbili, umepata mizunguko minne. Bado uko kwenye nyekundu.

Kuna sababu nyingine ya kutosubiri, na hii ndiyo wachezaji wazuri wanaijua kuliko zote. Mwenye jetoni za mizunguko 10 akisukuma rundo lake, wengine wanaogopa, kwa kuwa wakimfuata na kushindwa wataumia. Wengi wanatupa karata, naye anachukua kilichopo mezani bila hata kuonyesha zake. Mwenye mizunguko miwili haogopwi na mtu. Wanamfuata wote, hata wenye karata mbovu, kwa sababu kumfuata hakuwagharimu. Sokoni ni vilevile. Mama mwenye dola 150 mkononi bado anaweza kumwambia muuzaji wa jumla: punguza, la sivyo naenda kwa mwenzako. Akibaki na dola 30 hana neno hilo tena. Anachukua mali kwa deni, kwa bei ya mwenye mali, na siku ya kulipa inapangwa na mwenye mali. Wakati wa kuhamia kibanda cha kushirikiana, wa kuhama nyumba ya dola 50 kwenda ya dola 30, wa kuacha bidhaa inayolala wiki mbili na kuchukua ile inayoisha kwa siku mbili, ni wakati ambapo watu bado wanaona huna shida. Majirani watashangaa, wengine watacheka. Waache wacheke.

Jetoni haziliwi

Hapo ndipo poka inatufaa. Sasa upande inakodanganya.

Mchezaji wa mashindano aliye kwenye nyekundu anafanya vizuri kusukuma yote. Hesabu inamuunga mkono. Akingoja atakwisha, akisukuma ana nafasi. Vijana wengi wanaobeti Goma wanaongea kwa mantiki hiyohiyo, hata kama hawajawahi kuona meza ya poka: "Elfu tano hii itanisaidia nini? Haitoshi kitu. Afadhali niijaribu." Ni maneno ya mwenye rundo dogo. Na kwa mwenye jetoni ni maneno ya kweli.

Lakini jetoni haziliwi. Jetoni tano zilizobaki mfukoni mwa mchezaji hazinunui fungu la sombe. Thamani yake yote iko ndani ya mchezo, kwa hiyo ni haki kuzitumia zote ndani ya mchezo. Franga elfu tano zinaliwa. Zinalipa motari wa kumpeleka mtoto hospitali. Zinanunua makala ya siku kadhaa. Anayesema elfu tano "haitoshi kitu" ana maana kwamba haitoshi kumtoa katika umaskini, na hapo anasema kweli, lakini inatosha vitu vingi vingine ambavyo kesho yake atavikopa.

Tofauti ya pili: mchezaji anayetolewa mashindanoni amepoteza ada ya kuingia, ambayo aliijua tangu asubuhi, na anarudi nyumbani kulala. Aliyetolewa sokoni hana nyumbani pa kurudi ambapo mchezo haupo. Mchezo ndio nyumbani. Ndiyo maana hata wachezaji wa kazi, wale wanaoishi kwa poka, wana sheria ya kutochukua sehemu kubwa ya akiba yao kuingilia shindano moja. Mezani wanasukuma yote. Nje ya meza hawasukumi. Filamu zinatuonyesha nusu ya kwanza tu ya sheria.

Kuna hadithi mbili ambazo zimewapeleka wengi kwenye meza hizo. Mwaka 1982, Jack Straus alibaki na jetoni moja tu katika mashindano makuu ya Las Vegas, akarudi, akashinda yote. Mwaka 2003, Mmarekani mwingine, mhasibu kwa jina Chris Moneymaker, aliingia kupitia shindano dogo la intaneti la ada ya dola 86, akawashinda wengine zaidi ya 800 na kuondoka na dola milioni 2.5. Zote mbili ni za kweli. Zinasimuliwa mpaka leo kwa sababu ni nadra. Waliobaki na jetoni moja na kutoka dakika tano baadaye ni maelfu kwa maelfu, na hakuna anayekumbuka majina yao. Afrika Mashariki ina hadithi yake pia: mwaka 2017, Mkenya mmoja alishinda zaidi ya shilingi milioni 221 za Kenya kwa kubashiri mechi 17. Habari hiyo ilivuka mipaka, ikafika mpaka huku kwetu. Miaka miwili baadaye serikali ya Kenya ilikataa kuongeza muda wa leseni za makampuni mengi ya kubeti, ikisema vijana wanaangamia na kodi hailipwi. Habari hiyo ya pili haikuvuka mipaka kwa kasi ileile.

Tiketi ndefu

Tuifanye hesabu ya tiketi, kwa sababu hatujaona mtu akiifanya mbele ya vijana.

Kwenye poka, wachezaji wanachukuliana wao kwa wao, na mwenye nyumba ameshachukua chake kwenye ada. Ukisukuma yote, unapambana na mtu kama wewe. Kwenye parifut unapambana na bei iliyopangwa na kampuni, na ndani ya kila bei kampuni imeshaweka fungu lake. Chukua timu yenye kota ya 1.50. Kama bei hiyo ingekuwa ya haki, timu hiyo ingeshinda mara 67 hivi katika 100. Tuseme ukweli wake ni mara 63, na zile 4 ni fungu la kampuni. Ukiweka franga 100 kwenye mechi hiyo moja, mara nyingi nyingi, kwa wastani zinarudi 94 na nusu. Hasara ndogo. Mtu anaweza kusema ni bei ya burudani, na hatutabishana naye.

Lakini hakuna anayeweka mechi moja. Faida ni ndogo, kwa hiyo anaunganisha nne. Kota inakuwa 5 na kidogo, inapendeza. Fungu la kampuni nalo linajizidisha mara nne. Sasa franga 100 zinarudi wastani wa 80. Unganisha mechi nane, kota inapita 25, macho yanang'aa, na wastani wa kinachorudi ni 64. Ukirefusha tiketi, ndoto inakua, na unailipa ghali zaidi. Na tiketi ndefu inanunuliwa na nani? Na mwenye pesa kidogo, kwa kuwa yeye ndiye anayehitaji elfu tano igeuke laki moja. Mwenye pesa nyingi hana haja ya kota 25.

Watetezi wa parifut watasema kwamba kijana asiye na kazi, barabara zikiwa zimefungwa na uwanja wa ndege umefungwa, hana mlango mwingine. Tunaisikia hoja hiyo na hatuidharau. Ni kweli milango mingi imefungwa. Lakini mlango unaorudisha 64 kwa kila 100 hautoki nje. Na tuongeze jambo ambalo ni la kwetu wenyewe: tiketi hizi zinalipiwa kwa simu, na pesa ikiwa tayari ndani ya simu, kuibeti hakukatwi ada ya kutoa kwenye kabine. Ni rahisi zaidi kuipoteza kuliko kuitoa. Hilo halikupangwa na mtu wa Goma, ila ndivyo lilivyo, na linastahili kuangaliwa.

Wenye rundo kubwa

Kwenye meza ya poka mwenye rundo kubwa ana nguvu ambayo haitokani na karata zake. Anaweza kuwasukuma wengine kila zamu kwa sababu akikosea anabaki mchezoni, na wao wakikosea wanatoka. Goma ina watu wa aina hiyo. Ni wale wenye pesa taslimu wakati wengine pesa zao ziko benki au kwenye simu. Wananunua dola kwa bei yao, wananunua parsela ya mtu anayekimbia kwa nusu ya thamani, wanashikilia mali hadi bei ipande. Hatusemi wote ni wabaya. Bila wao hakuna ambaye angetoa pesa kwenye simu. Lakini ni vizuri kujua kwamba bei unayopewa haihusu mali yako peke yake, inahusu pia siku ulizobakiwa nazo, na kwamba mwenye rundo kubwa amezihesabu hata kama wewe hujazihesabu.

Kuna hesabu nyingine ya poka, iliyoelezwa na Mason Malmuth katika miaka ya 1980, ambayo kwa maoni yetu ndiyo bora kuliko zote. Wamebaki watatu, zawadi ni dola 500, 300 na 200. Atakayekusanya jetoni zote hachukui dola 1,000 zote, anachukua 500. Na atakayetoka wa tatu, asiye na jetoni hata moja, anachukua 200. Maana yake ni kwamba jetoni unazopoteza zina thamani kubwa kuliko jetoni unazopata. Kuzidisha rundo mara mbili hakuzidishi thamani yako mara mbili, lakini kulipoteza kunaimaliza. Kwa hiyo hata dau la nusu kwa nusu, lisilo na wizi wowote, linaweza kuwa dau baya kwa mwenye kidogo. Wazee wetu walioficha mbuzi kwa shemeji wa Masisi na ng'ombe kwa mjomba wa Rutshuru hawakusoma Malmuth. Goma iliionja hesabu hiyo tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002, wakati lava ya Nyiragongo ilipofunika katikati ya mji, na ikaionja tena tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021. Aliyekuwa na vyote kwenye duka moja alitoka mchezoni kwa usiku mmoja. Aliyekuwa na theluthi mahali pengine alirudi.

Na hapa mjini tayari kuna chombo kinachoifuata hesabu hii kuliko wachezaji wengi wa Las Vegas. Ni AVEC, zile kundi za akiba na mkopo ambazo mama zetu wanakutana kila wiki wakiwa na sanduku la kufuli tatu. Njia hiyo ilianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na imeenea Afrika nzima. Tazama kanuni zake za kawaida kwa jicho la mtu anayelinda rundo. Katika kila mkutano mwanachama ananunua hisa kuanzia moja hadi tano, si zaidi, kwa hiyo mwenye nyingi hawezi kuwameza wengine. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba yako, kwa hiyo huwezi kusukuma kitu ambacho huna. Kuna mfuko wa pembeni wa msiba na ugonjwa, usiochanganywa na wa mikopo, ili homa ya mtoto isile mtaji. Mwisho wa mwaka wanagawana na kuanza upya. Likelemba inasaidia pia, hasa kwa kununua kitu kimoja kikubwa, lakini haina mfuko huo wa pembeni, na anayepokea wa mwisho amebeba hatari ya wote waliopokea mbele yake. Makundi mengi ya AVEC yalipoteza masanduku au wanachama wakati watu walipokimbia mwanzoni mwa 2025. Yaliyoweza kuunganika tena yanastahili msaada kabla ya mradi wowote mpya wenye jina refu.

Ratiba ukutani

Limebaki jambo moja ambalo mwananchi hawezi kulifanya peke yake.

Katika mashindano yoyote ya poka, ratiba ya madau ya lazima inabandikwa kabla ya mchezo kuanza. Kila mchezaji anajua kwamba saa nane mchana dau litakuwa hivi, saa tisa litakuwa vile. Yanapanda, ndiyo, tena kwa ukali. Lakini hayapandi kwa kushtukiza, na hayatofautiani kutoka kiti hiki hadi kile. Mchezaji anaweza kupanga. Hata kwenye kasino, ambako hakuna anayedai kuwa na huruma, wanajua kwamba bila ratiba hiyo hakuna atakayekaa mezani.

Mfanyabiashara wa Goma hana ratiba. Ushuru wa soko anausikia siku ya kulipa. Bei ya kutoa pesa anaisikia kwenye dirisha la kabine, na jirani yake amesikia nyingine. Anayevuka Petite Barrière na beseni la nyanya anajua alichotoa jana, hajui atakachotoa leo. Ndiyo maana yule mama wa Kituku hawezi kuhesabu siku zake hata akitaka. Namba ya juu anayo, ni mtaji wake. Ya chini inabadilishwa na wengine.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji benki kufunguliwa, ingawa hilo nalo tunaliomba kwa wale wote walio na funguo, wa hapa na wa Kinshasa. Makampuni ya simu, Vodacom, Airtel na Orange, yabandike kwenye kila kabine bei halali ya kutoa pesa, kwa franga na kwa dola, kwa maandishi makubwa na kwa Kiswahili, pamoja na namba ya kulalamikia. Wanaoongoza mji wabandike kwenye mlango wa soko la Virunga, la Alanine, la Kituku na mengineyo ushuru unaodaiwa, na wasiupandishe bila kutangaza mwezi mmoja kabla. Na makampuni ya kubeti yaandike kwenye kila tiketi, chini ya ile kota kubwa inayopendeza, ni franga ngapi kwa wastani zinarudi kwa kila 100. Namba hiyo wanayo. Walioipanga kota waliihesabu kwanza.